Herufi A ukutani: mazoezi ya kizunguzungu cha sikio niliyoyafanyia nyumbani

Kwenye ukuta wa chumba changu cha kulala, hapa Kihesa mjini Iringa, kimebandikwa kipande cha karatasi chenye herufi A moja tu, nyeusi, yenye urefu wa sentimita mbili hivi, na nyuma yake kimetundikwa kitenge chenye maua makubwa na rangi zinazogombana. Wageni wanaoingia humo hudhani kuwa ni masalia ya masomo ya mjukuu wangu, nami sina kawaida ya kuwasahihisha kwa sababu maelezo yake ni marefu. Leo nitayatoa, maana katika mwaka uliopita nimeulizwa na watu watano tofauti, wawili wao walimu wenzangu, juu ya kizunguzungu kisichokoma kwa vidonge, na kila mara nimejikuta nikisimama njiani na kumwonyesha mtu jinsi ya kutikisa kichwa huku wapita njia wakitushangaa.

Ugonjwa wangu ulianza alfajiri moja ya mwezi wa Aprili, katika masika, wiki moja baada ya mafua yaliyokuwa yamenilaza siku mbili. Nilipoinua kichwa kutoka kwenye mto wa kulalia, dari, dirisha na kabati vilianza kuzunguka bila kusimama, na nilipojaribu kuketi mwili ulivutwa upande wa kulia kana kwamba mtu amenishika bega na kunivuta chini. Nilitapika mpaka jioni. Masikio yalisikia vizuri kama siku zote, kichwa hakikuuma, na viungo vyote vilikuwa na nguvu, lakini sikuweza kwenda msalani bila kushikwa mkono na mume wangu upande mmoja na binti yangu upande wa pili. Hali hiyo ya kuzunguka ilidumu siku tatu, kisha ikapungua na kuniachia kitu kingine ambacho sikuwa na jina la kukiita: si kuzunguka tena, bali kuyumba, kama mtu aliyeteremka kutoka kwenye mtumbwi na bado mawimbi yanamfuata nchi kavu.

Kwa desturi yetu kizunguzungu kina maana mbili tu, presha au kupungukiwa damu, na majirani walikuja na dawa za yote mawili. Mama mmoja wa nyumba ya tatu aliniletea lita mbili za juisi ya rozela na kunisimamia mpaka nimalize bilauri, akisema, "Kunywa, mwalimu, damu irudi." Juisi ilikuwa tamu, nami namshukuru hadi leo, lakini vipimo vilikwisha kuonyesha kuwa damu ilikuwa ya kutosha, shinikizo la kawaida, sukari sawa na malaria hakuna. Wengine walikuwa na maelezo mafupi zaidi. Ulikuwa bado msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, na mwalimu mtu mzima anayekwenda shuleni saa moja asubuhi akiukumbatia ukingo wa barabara hana haja ya kushitakiwa na mtu. Nilikuja kujua baadaye kwamba wasengenyaji hao hawakuwa mbali sana na ukweli kama walivyofikiri wenyewe, kwa sababu kilevi huingia kwanza katika kiwambo laini kilicho ndani ya mifereji ya sikio, kikakifanya kiwe chepesi kuliko majimaji yanayokizunguka, na hapo mlevi akilala tu sikio lake humwambia kwamba anazunguka. Mlevi na mimi, basi, tulikuwa na hitilafu ya kiungo kilekile, ila yeye huamka kesho yake amepona.

Katika kituo cha kwanza cha afya nilichokwenda nilipewa vidonge vya sinarizini na ushauri wa kupumzika na kutogeuzageuza kichwa. Kwa siku zile tatu za mwanzo vidonge hivyo vilinisaidia sana, wala sivilaumu. Kosa ni kwamba niliendelea kuvimeza kwa wiki nyingi, kwa kuwa kila nilipokwenda kuchukua vingine hakuna aliyeniuliza nimevitumia kwa muda gani, na ushauri wa kutogeuza kichwa niliutii kwa bidii ya mwanafunzi wa mstari wa mbele. Nilitembea nimekaza shingo kama mtu aliyebeba ndoo ya maji. Niligeuka mwili mzima badala ya kichwa. Nilitazama ardhi hatua mbili mbele yangu, na sokoni sikwenda kabisa. Darasani ndiko nilikoumbuka: kila nilipogeuka kutoka ubaoni kuwatazama wanafunzi, nyuso zao zilitetemeka na kuchanganyikana kwa nukta moja au mbili kabla hazijatulia, na kabla hazijatulia ilinibidi nishike meza. Mwalimu wa hisabati hugeuka kutoka ubaoni labda mara mia kwa kipindi kimoja. Nilianza kuandika maswali yote kabla ya kipindi ili nisiguse chaki tena.

Mwezi wa nne wa ugonjwa nilipelekwa kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo, katika mji mwingine. Kipimo chake cha maana hakikuhitaji mashine wala umeme. Alikaa mbele yangu, akaniambia nimtazame puani, akakishika kichwa changu kwa mikono miwili na kukigeuza ghafla kidogo tu, kushoto, kisha kulia. Kichwa kilipokwenda kushoto macho yangu yalibaki palepale puani mwake. Kilipokwenda kulia macho yalichukuliwa na kichwa, kisha yakaruka kurudi puani kama mtoto aliyegutuka, na binti yangu aliyekuwa amesimama pembeni akaliona ruko hilo waziwazi. "Mama," akasema daktari, "neva ya mizani ya sikio lako la kulia ilishambuliwa, yaelekea na virusi. Sikio halisemi tena kama zamani, na huenda lisirudi kusema. Tutakachofanya ni kuufundisha ubongo kuishi na hali hiyo." Nilimwuliza dawa ya kuufundisha ubongo inaitwaje. Akajibu kwamba dawa ni kukitikisa kichwa, kitu hichohicho nilichokuwa nimekikwepa kwa miezi mitatu, na kwamba vidonge niache taratibu kwa sababu vinaunyamazisha ubongo katika somo unalopaswa kulisikia.

Jambo hilo linahitaji kuelezwa, kwa kuwa asiyelielewa hawezi kuyavumilia mazoezi. Ndani ya kila sikio, nyuma ya sehemu inayosikia, kuna mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji, ambayo hupima kichwa kinavyogeuka, na vifuko viwili vyenye chembe ndogo za chokaa, ambavyo hupima mwili unavyoinama na unavyokwenda mbele au juu na chini. Masikio mawili hupeleka habari kwenye ubongo muda wote, hata ukiwa umetulia, na ubongo hulinganisha upande huu na huu. Sikio moja likinyamaza ghafla, ubongo huona tofauti kubwa, na kwa kuwa maishani mwake tofauti hiyo imekuwa na maana moja tu, hutangaza kwamba kichwa kinazunguka. Tofauti ya utulivuni ubongo huisawazisha wenyewe katika siku au wiki chache, na ndiyo maana kuzunguka kwangu kulikoma. Lakini ile kazi ya kuyashikilia macho mahali pamoja wakati kichwa kinakwenda hairekebishiki kitandani. Ili ubongo uirekebishe, lazima kwanza upate habari kwamba umekosea, na habari hiyo ni picha inayoteleza machoni pale kichwa kinapogeuka, yaani ule ukungu na ule mtetemo wa nyuso za wanafunzi niliokuwa nikiukimbia. Niliposikia hayo nilijicheka. Miaka 27 nimewaambia watoto wasifute hesabu waliyokosea, waiache niione, na mimi mwenyewe nilikuwa nafuta kila kosa kabla ubongo haujaliona.

Maarifa haya si mapya. Robert Bárány, daktari aliyezaliwa Vienna, alipewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa kazi yake juu ya kiungo hicho cha mizani, na habari za ushindi zilimkuta akiwa mfungwa wa vita nchini Urusi. Mazoezi yenyewe yaliwekwa katika mpangilio jijini London katika miaka ya 1940, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na mara baada yake, na Terence Cawthorne, daktari wa upasuaji wa masikio, akishirikiana na F. S. Cooksey, daktari wa tiba ya viungo. Wagonjwa wao walikuwa watu waliofanyiwa upasuaji wa sikio la ndani na waliojeruhiwa kichwani, na ilionekana kuwa walioinuka mapema na kuanza kujishughulisha walipona upesi kuliko waliolala kimya kuogopa kizunguzungu. Mpangilio wao ulianza na macho peke yake kitandani, ukaenda kwenye kichwa, kisha kuinama ukiwa umeketi na kuokota kitu sakafuni, kisha kusimama na kuketi macho yakiwa wazi na halafu yamefumbwa, kurusha mpira mdogo kutoka mkono huu kwenda mkono huu juu ya usawa wa macho, na mwishowe kupanda na kushuka mteremko na ngazi. Mimi nilipousoma mpangilio huo nilisema moyoni kwamba watu hao walipaswa kuzaliwa Iringa, mahali ambapo mteremko haukodishwi.

Mtaalamu wa fiziotherapia nilionana naye mara moja tu, kwa kuwa nauli na ruhusa za kazini havikuniruhusu zaidi. Alinionyesha mazoezi kwa muda wa saa nzima, akayaandika kwenye ukurasa mmoja, akaniambia nimpigie simu kila baada ya wiki mbili. Yaliyobaki niliyafanya mwenyewe, mbele ya ile herufi A.

Zoezi la kwanza, na kwa maoni yangu mama wa mengine yote, ni hili. Unaketi kwenye kiti umbali wa mita moja hivi kutoka ukutani, herufi ikiwa usawa wa macho. Unaikazia macho, kisha unakigeuza kichwa kulia na kushoto, mwendo mfupi tu kama wa mtu anayekataa jambo kwa adabu, bila kuiachia herufi. Mwendo uwe wa kasi kubwa kadiri unavyoweza huku herufi ikisomeka. Ikianza kuwa na ukungu mkubwa au kuruka, punguza kidogo. Ikisomeka kwa urahisi mno, ongeza, maana zoezi lisilokusumbua halikufundishi. Nilianza na sekunde 30, kisha nikapumzika mpaka chumba kitulie, halafu sekunde 30 za kichwa kwenda juu na chini kama mtu anayekubali. Wiki ya kwanza sekunde 30 hizo zilinitoa jasho na kunitia kichefuchefu, na siku ya pili nililia, si kwa maumivu bali kwa aibu ya kushindwa na herufi ambayo watoto wa chekechea huishinda. Baada ya wiki tatu nilifika dakika moja, na baadaye dakika mbili. Mwongozo wa wataalamu wa fiziotherapia wa Marekani, uliotolewa upya mwaka 2022, unapendekeza mazoezi ya macho na kichwa ya aina hii yafikie jumla ya angalau dakika 12 kwa siku kwa tatizo jipya, na angalau dakika 20 kwa tatizo sugu, yakigawanywa mara tatu au zaidi kwa siku. Langu lilikuwa limekwisha kuwa sugu. Nilifanya alfajiri kabla ya chai, saa ya mapumziko ya mchana katika stoo ya vitabu, jioni niliporudi nyumbani, na usiku kidogo kabla ya taarifa ya habari.

Ugumu huongezwa kwa hatua, na hapo ndipo kitenge kinapoingia. Ukiweza kufanya umeketi, simama; ukiweza kusimama miguu ikiwa mbalimbali, ikusanye; kisha simama juu ya kitu laini, nami nilikunja kipande cha godoro la zamani mara mbili. Halafu badilisha kilicho nyuma ya herufi. Ukuta mweupe ni rahisi, kwa sababu macho hayana kingine cha kushika, lakini kitenge cha maua huyachokoza macho upande wote na kuyafanya yategemee sikio na ubongo. Mtaalamu alinishauri nitafute karatasi yenye miraba kama ya ubao wa drafti. Mume wangu akafungua sanduku na kutoa kitenge ambacho tangu nikinunue amekiita kitenge cha kuumiza kichwa. Zoezi la mwisho katika kundi hili ni kuishika herufi mkononi kwenye kadi na kuipeleka upande mmoja huku kichwa kikienda upande wa pili. Hilo lilinichukua miezi miwili, na hata sasa nikiwa nimechoka hunishinda.

Swali ambalo kila mtu huniuliza ni kizunguzungu kiasi gani kinafaa wakati wa mazoezi. Nilikuwa na daftari. Kabla ya zoezi niliandika namba kutoka sifuri hadi kumi, sifuri ikiwa hakuna kizunguzungu na kumi ikiwa siku ile ya Aprili. Baada ya zoezi niliandika namba nyingine, na dakika niliyotulia. Namba ikipanda kidogo kisha ikarudi ilipokuwa ndani ya robo saa, kipimo ni sawa. Isipopanda kabisa, zoezi ni jepesi na wakati wa kulikaza umefika. Ikipanda na kukaa juu mpaka jioni, au ukitapika, umezidisha. Kesho punguza kasi au muda, lakini usiache. Nayasisitiza maneno hayo mawili ya mwisho kwa sababu nimeona watu wakifanya siku moja kwa ari ya mkimbiaji, wakaumwa siku mbili, kisha wakasema mazoezi hayakuwafaa. Daftari lilinisaidia kwa njia nyingine pia. Mtu huisahau hali yake ya mwezi uliopita, na nilipokuwa nikilalamika kwamba sijasogea hata hatua moja, kurasa zilinionyesha kuwa zoezi la namba saba la mwezi Agosti lilikuwa namba mbili mwezi Septemba.

Mazoezi ya kusimama niliyafanyia kwenye kona ya chumba, kuta mbili nyuma yangu na kiti kizito mbele, ili nikiyumba nisifike sakafuni. Usiyafanyie katikati ya chumba hata kama unajiamini. Mwili hutumia njia tatu kujua umesimama vipi: macho, masikio ya ndani, na hisia za nyayo na viungo. Sikio likiharibika wengi wetu huyaegemea macho kupita kiasi bila kujua, na siku macho yakinyimwa mwanga tunaanguka. Kwa hiyo zoezi linakunyang'anya njia moja baada ya nyingine. Miguu pamoja, macho wazi, nusu dakika. Miguu pamoja, macho yamefumbwa. Mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole. Kisha yote hayo tena juu ya godoro, ambalo huzichanganya nyayo. Kufumba macho juu ya godoro ndiyo hali ambayo sikio hubaki peke yake, na mara ya kwanza nilidumu sekunde nne. Watu wenye matatizo ya magoti, au kisukari kilichokwisha kuzitia ganzi nyayo, wasiige hatua hii kabla ya kuonwa na mtaalamu, kwa kuwa wao wanazo njia mbili mbovu na si moja.

Kutembea ndiko kulikonirudishia heshima. Kwanza nilitembea kwenye ukumbi wa nyumba nikigeuza kichwa kulia kwa hatua tatu na kushoto kwa hatua tatu, binti yangu akitembea kando, kisha uani, kisha njia ya kuelekea barabarani, yenye mashimo na kokoto. Mwezi wa pili wa mazoezi nilianza kupanda kuelekea jiwe la Gangilonga Jumamosi asubuhi, polepole, nikijilazimisha kutazama mbali, mji ulivyotandazwa chini, badala ya kutazama viatu. Kushuka ni kugumu kuliko kupanda, na kila anayeugua ugonjwa huu atakuambia hivyo. Soko nililiweka mwisho. Kusogea kwa watu wengi pande zote, rundo la nyanya huku na mitumba kule, sauti, na haja ya kugeuka kila unapoitwa, "Mama, karibu, mama," ni mtihani unaojumuisha mada zote. Siku ya kwanza Soko Kuu nilikaa dakika kumi, nikanunua fungu moja la mboga, nikaondoka. Ya pili robo saa. Nilikuwa nakwenda kununua kitu kimoja kimoja ili niwe na sababu ya kurudi kesho, na muuza vitunguu mmoja aliniambia waziwazi kwamba anadhani sina friji.

Sasa niseme neno ambalo karatasi za mazoezi hazilisemi: tatizo kubwa si kizunguzungu, ni kuchoshwa. Wiki mbili za kwanza mtu huvumilia kwa sababu anaogopa. Kuanzia wiki ya sita hofu imepungua, nafuu haijatimia, na herufi A haina habari mpya ya kukupa. Nchini Uingereza Lucy Yardley na wenzake walichapisha mwaka 2012 utafiti juu ya watu 337 wenye kizunguzungu cha muda mrefu, ambao baadhi yao walipewa kijitabu cha mazoezi ya kufanya wenyewe nyumbani, baadhi kijitabu pamoja na msaada wa simu, na wengine matibabu ya kawaida tu. Baada ya wiki 12 makundi hayakutofautiana kwa kiasi cha kuaminika. Baada ya mwaka mmoja, makundi yote mawili yenye kijitabu yalikuwa na nafuu kubwa kuliko lile la matibabu ya kawaida. Nilisoma habari hiyo nikiwa katika wiki ya 10, nikiwa nimenuna, na sijui kama ningeendelea bila kuisoma. Ilinionyesha kwamba mtu anaweza kuyafanya bila kushikwa mkono kila siku, na kwamba kuyahukumu kabla ya mwaka kwisha ni haraka.

Lakini si kila kizunguzungu cha sikio kinatibiwa na herufi A, na hapa naomba msomaji asirukeruke mistari. Dada yangu anayeishi Njombe alinipigia simu akisema amepata ugonjwa wangu, nimtumie picha ya karatasi. Nilipomhoji, wake ulikuwa tofauti kabisa. Alizunguka akijigeuza kitandani, au akiinua uso kuanika nguo kambani, kwa muda usiofika dakika moja, kisha akawa mzima kabisa mpaka mgeuko mwingine. Hizo ni zile chembe za chokaa zilizong'oka kutoka kwenye kifuko chake na kuingia katika mfereji mmojawapo, zikawa zinayasukuma majimaji kila kichwa kinapobadilisha mkao. Ubongo wake haukuwa na la kujifunza. Chembe ndizo zilizopaswa kutolewa. Ipo njia ya kuzitoa kwa kumlaza mgonjwa na kukigeuza kichwa chake kwa mikao kadhaa mfululizo, iliyoelezwa na daktari John Epley wa Marekani mwaka 1992, na aliyefanyiwa na mtu anayeijua mara nyingi hupona kwa kikao kimoja au viwili. Dada alifanyiwa, akalala usiku ule kwa ubavu anaoutaka. Ningemtumia karatasi yangu angetikisa kichwa miezi mitatu bure.

Wapo pia wenye ugonjwa uliopewa jina la Prosper Ménière, Mfaransa aliyeueleza mwaka 1861, ambao hushikwa na kizunguzungu cha saa kadhaa pamoja na mvumo sikioni, sikio kujaa na kusikia kupungua. Mazoezi hayazuii mashambulizi hayo, ingawa huweza kumsaidia anayebaki akiyumba kati ya shambulio na shambulio. Na wapo walioharibiwa masikio yote mawili na dawa kama jentamaisini, au streptomaisini iliyotumika miaka mingi kutibu kifua kikuu. Hao hawaoni vitu vikizunguka, bali huona barabara ikirukaruka wanapotembea. Kwao mazoezi yanafaa, lakini huchukua muda mrefu zaidi na yanahitaji msimamizi. Ama kizunguzungu kinachokuja ghafla pamoja na kuona vitu viwiliviwili, ulimi kuwa mzito, uso kupinda, mkono au mguu kulegea, kichwa kuuma kuliko siku zote, au kushindwa kabisa kusimama, hicho kisisubiri kesho wala kisiulizwe kwa mwalimu wa hisabati. Hicho huenda ni kiharusi, na mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Mwezi wa saba wa mazoezi, nikiwa nimekwisha kujiona mshindi, nilishikwa na mafua mazito, nikalala siku nne, na nilipoinuka sakafu ilikuwa imerudi kuwa mtumbwi. Nilidhani yote yamepotea. Mtaalamu alinieleza kwa simu kwamba ubongo uliojifunza kufidia unaweza kulegea mwili unapougua, unapochoka au unapokosa usingizi, na kwamba somo la pili huwa fupi. Nilirudi kwenye kiti na sekunde 30, nikiwa na hasira, na siku ya 11 nilikuwa nimefika mahali ambapo mara ya kwanza palinigharimu wiki tano. Baada ya hapo nilisafiri kwenda Dar es Salaam kwa basi, jambo nililoliahirisha kwa mwaka mzima kwa sababu ya kona za mlima wa Kitonga. Nilikaa kiti cha mbele, macho barabarani, na zile kona zote za kushuka nilizimaliza nikiwa na kichefuchefu cha kawaida, kile ambacho hata abiria wazima walikuwa nacho.

Darasani nimerudi kwenye chaki. Nageuka kutoka ubaoni na nyuso zinakaa mahali pake, isipokuwa nikigeuka upande wa kulia kwa kasi kubwa, ambapo bado kuna mtetemo mdogo ninaouona mimi tu. Mazoezi nimeyapunguza kuwa mara moja kwa siku, dakika tano, mbele ya kitenge. Ukungu mzito wa Mufindi, ule usiokuonyesha wapi ardhi inaishia, bado siupendi, na nikienda huko kwa shemeji natembea na mwavuli hata pasipo mvua. Umeme ukikatika usiku sijifanyi shujaa: naweka kiganja ukutani na kusimama mpaka miguu ikumbuke sakafu iko wapi, na tochi ndogo inakaa chini ya mto, upande wa kushoto.